Ramani ya Rangi Mbili

Jumatatu, 7 Oktoba

Kikao cha idara. Kiliitishwa saa mbili, kikaanza saa tatu na nusu. Mimi nilifika saa mbili kasoro robo ili nionekane mtu wa kuwahi. Hakukuwa na wa kuniona.

Profesa Anjelina, mkuu wetu wa idara, ametangaza kwamba tarehe 25 kuna maonesho ya utafiti kule Mtumba, kwenye mji wa serikali, mbele ya wakubwa wa wizara. Idara itapeleka mtu mmoja tu. Jina hilohilo ndilo litakalopelekwa kwenye kikao cha kupandisha vyeo. Nimekuwa mhadhiri wa kawaida miaka tisa. Kuna kijana niliyemfundisha mwaka wa kwanza, sasa ni bosi wangu kwenye kamati ya mitihani. Nafasi hii ni yangu!

Sharti ni moja: ushahidi kwamba mwananchi wa kawaida ameelewa. Profesa alilisema hilo akinitazama mimi. Sijui kwa nini.

Tunaogombea ni wawili, mimi na Dakta Zaitun, ambaye ofisi yake inatazamana na yangu. Feni yake inazunguka. Yangu inazunguka ukiisukuma kwa fagio.

Natafiti jinsi watu wanavyoelewa takwimu na akili mnemba kupitia michoro. Kompyuta inatabiri mvua ya msimu, mimi nauweka utabiri kwenye ramani, mkulima anaitazama, anaelewa. Zaitun anatafiti jambo hilohilo, ila yeye anatumia punje za mtama. Daktari mzima wa falsafa! Punje!

Jioni nimemaliza ramani ya kijiji cha Mahomelo, mashariki ya mji. Wiki mbili nzima nimeipaka rangi kwa mkono. Rangi ni mbili tu. Kijani maana yake mashine ina uhakika na jibu lake. Nyekundu maana yake haina uhakika, inakisia. Niliitazama nikaridhika, nikaweka kikombe cha chai juu yake ili niitazame vizuri zaidi. Kikombe kimeacha duara, upande wa mashariki, katikati ya kijani. Nitalifuta kesho.

Jumanne, 8 Oktoba

Halifutiki. Nimejaribu kifutio, kitambaa chenye maji, na mate. Limekolea.

Nimepeleka ramani kwenye steshenari moja Nkuhungu ikatolewe bango la mita mbili. Duara la chai sasa lina ukubwa wa sufuria ya pilau ya harusini. Dada wa steshenari aliuliza ni nini. Nikamwambia ni mambo ya kisayansi.

Bango lilizidi turubai kidogo. Dada akauliza akate juu au chini. Juu kuna jina langu na shahada zangu. Chini kuna ufunguo wa ramani, unaoeleza rangi. Nikamwambia akate chini. Ufunguo naweza kuueleza kwa mdomo. Shahada siwezi kuzitaja mwenyewe, itaonekana najisifu.

Nyumbani, mke wangu Raheli amekumbushia simtanki la kuhifadhia maji. Hapa Area D mtaa wetu unapata maji Jumanne na Jumamosi, na hela ya simtanki imekaa kabatini tangu Juni. Nimemwambia tusubiri cheo, tutanunua kubwa.

Alhamisi, 10 Oktoba

Mahomelo. Nilikwenda na bango juu ya bajaji, na njiani nikafanya mazoezi ya hotuba kwa sauti.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mazengo, alinipokea vizuri. Nilimpa shikamoo, kisha nikausalimu mkutano kwa Kigogo: mbukwenyi! Walifurahi sana, wakaendelea kwa Kigogo dakika tano, nami nikawa naitikia kwa kichwa. Baadaye mwenyekiti amenieleza kwamba nimekubali kuwachimbia kisima.

Bango likatundikwa ukutani mwa ofisi ya kijiji. Kimya. Nikajua wameguswa. Wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa Mama Paskazia, mjane mwenye shamba la mtama na karanga upande wa nyekundu. Aliuliza lile duara ni nini.

Ningeweza kusema ni chai. Lakini kulikuwa na watu arobaini mbele yangu, na shahada zangu juu ya kichwa changu. Nikasema ni eneo maalumu. Hakuna aliyeuliza tena. Walitazamana tu.

Nikaeleza rangi mara moja, kwa ufasaha, kisha nikagawa dodoso. Swali la kwanza: nyekundu maana yake nini? Watu thelathini na wanane kati ya arobaini wamejibu kwamba serikali inachukua hapo. Mzee Mazengo amenifafanulia. Huku rangi nyekundu wanaijua ile ya X ukutani, na ukiwekewa X, nyumba inabomolewa. Tena tangu makao makuu ya serikali yahamie huku, kila mtu aliyefika na miwani na ramani alikuwa amekuja kupima viwanja. Nikavua miwani, lakini nilikuwa nimeshachelewa.

Waliopata ni wawili. Mmoja ni Mzee Mazengo, aliyekuwa amenishikia karatasi ya majibu. Wa pili ni dereva wa bajaji.

Ijumaa, 11 Oktoba

Asilimia tano. Nimeichora kwa nguzo, kwa duara, kwa mstari. Kwa vyovyote vile inaonekana asilimia tano.

Nimetafakari chanzo. Ramani haina tatizo, hilo liko wazi. Tatizo ni jua. Watu walikuwa na kiu, na mtu mwenye kiu hasomi mchoro. Jumatatu narudi na soda.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sikukuu ya Nyerere. Taifa limepumzika, mimi nipo kazini.

Kreti mbili za soda. Utaratibu wangu ulikuwa rahisi: nafundisha, wanarudia kwa pamoja, kisha mmoja mmoja anakuja mbele, akijibu sawa anapata soda yake. Nyekundu? Mashine haina uhakika! Kijani? Mashine ina uhakika! Walipokea vizuri kuliko wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu.

Waliopata: wote arobaini. Kisha akapita mzee mmoja na mbuzi wake, akajibu kwa sauti kutoka barabarani, akaja kudai soda. Alikuwa sahihi, nikampa. Arobaini na mmoja kati ya arobaini. Asilimia mia moja na mbili na nusu! Hilo nitalieleza kwenye tanbihi.

Kasoro moja tu. Mama Paskazia, soda mkononi, aliuliza, pale kwenye kijani, mashine ina uhakika wa nini? Nikapekua karatasi zangu. Kwa kweli sikuwa nimeandika popote kama ni uhakika wa mvua au wa ukame. Nikamwambia hilo liko nje ya mipaka ya utafiti huu, nikamwongezea soda ya pili.

Jumatano, 16 Oktoba

Nimewasilisha ripoti kwa Profesa. Nje ya mlango wake nikakutana na Zaitun, akaomba kuisoma. Akaisoma amesimama palepale kama anasoma risiti ya sokoni, kisha akasema nimepima kiu ya watu, sikupima uelewa. Wivu. Mwenye macho haambiwi tazama, na asilimia mia moja na mbili na nusu inaonekana hata kwa mbali.

Jioni Mzee Mazengo amepiga simu. Kuna dalali ameingia kijijini. Ameipiga picha ramani yangu palepale ilipobaki, ukutani mwa ofisi ya kijiji. Kwa watu wa nyekundu anasema wauze haraka kabla ya X, na anatoa bei ya kutupa. Kwa watu wa kijani anatafuta wanunuzi kwa bei ya juu, maana, anasema, kuna eneo maalumu linakuja. Mama Paskazia amekubali kuweka dole gumba Jumamosi. Shamba lote, lile aliloachiwa na marehemu mumewe. Mwenyekiti ameniomba niende nikaseme neno moja tu.

Neno lenyewe ni kwamba hawakuelewa. Nikilisema, asilimia yangu imekufa, na cheo kimekufa nayo, siku tisa kabla ya Mtumba. Nikamwambia mwenyekiti niko kikaoni. Nilikuwa kwenye kochi, miguu juu ya stuli.

Nimeona aibu. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Nimeona aibu kabisa, chakula kikawa hakipiti. Baadaye kimepita.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimemweleza Raheli. Alimaliza kwanza kuchambua mchicha. Kisha akasema mama wa watu anauza shamba kwa ajili ya rangi zangu, nami nimekaa nahesabu asilimia, na kwamba kama nina haya hata kidogo niende leo.

Nimepata njia ya katikati. Barua! Ina kichwa cha chuo, inaeleza kwa upole kwamba "kwa mujibu wa modeli, eneo jekundu lina kiwango kidogo cha uhakika na lisichukuliwe vinginevyo." Ili watu waiamini, nimeigonga mhuri wa idara. Nimetuma picha yake kwenye kundi la WhatsApp la kijiji saa nane mchana.

Saa tisa Mzee Mazengo amepiga. Ameshukuru kwa barua. Amesema jana zilikuwa tetesi tu, watu wengine walikuwa wabishi, lakini leo chuo kimeandika kwa mhuri kwamba eneo jekundu halina uhakika, wabishi wote wamenyamaza. Mama Paskazia ameomba Jumamosi isogezwe iwe kesho. Dalali ndiye aliyekataa, ana msiba Kondoa.

Nimezima simu. Nilijaribu jamani!

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimekwenda. Ila sikwenda kusema. Nilikwenda kuona hali ikoje, na nikajibanza nyuma ya ghala la kijiji ili nisiwavuruge.

Na nani nikamkuta mbele ya mkutano? Zaitun! Ametandika mkeka, ana ungo na kibuyu. Baadaye nimegundua kwamba yeye na Raheli wanasuka nywele kwa mama mmoja. Siri imetoka ndani ya nyumba yangu mwenyewe!

Naandika alichofanya, kwa ajili ya kumbukumbu tu. Alihesabu punje kumi mbele ya watu, saba nyeupe na tatu nyekundu, akazitia kwenye kibuyu. Akatikisa, kila mtu akachomoa moja na kuirudisha. Nyeupe maana yake mvua imeendelea hadi Machi, nyekundu imekatika Februari. Alitokea bwana mmoja akachomoa nyekundu mara mbili mfululizo, wakamcheka, wakamwambia mwaka huu asilime karibu nao. Kisha Zaitun akauliza nani atauza ng'ombe kwa sababu ya punje moja aliyoichomoa. Hakuna aliyenyoosha mkono. Akasema basi mashine nayo ni kibuyu kama hiki, haina amri ya serikali ndani yake.

Halafu akageukia bango langu. Akasema pale pekundu mashine inakisia kwa sababu hakuna kipimo cha mvua karibu, ni hilo tu. Mama Paskazia akasema kama ni hivyo wangemuuliza yeye, ameziona mvua za shamba lile miaka arobaini. Watu wakapiga makofi. Dalali alikuwa amesimama pembeni na kidau chake cha wino wa dole gumba. Akakifunga, akaondoka.

Wakamuuliza pia kuhusu duara. Zaitun akalitazama, akasema wamuulize mwenye ramani. Mimi wakati huo nilikuwa na mchwa mguuni, nikaona niondoke.

Nimefurahi kwamba mama hakuuza. Nimefurahi kweli, njia nzima nilikuwa mwepesi. Halafu nikakumbuka cheo.

Jumatatu, 21 Oktoba

Profesa ameirudisha ripoti yangu. Ameandika swali moja tu kwa kalamu nyekundu: huyu wa ziada ni nani?

Atakwenda Zaitun. Jina lake pia ndilo limekwenda kwenye kikao cha vyeo. Profesa amesema nisivunjike moyo, maana idara inahitaji mtu wa kubeba vifaa. Nikauliza vifaa gani. Akasema ungo.

Ijumaa, 25 Oktoba

Mtumba. Nimebeba ungo kutoka geti la kwanza mpaka ukumbini. Askari wa geti la pili aliuliza kama naleta mchele wa mgahawa.

Wakubwa wamefurahi. Wamechomoa punje, wamecheka, wameelewa. Mmoja akaila. Punje ya ziada ilikuwa mfukoni mwangu na mimi ndiye niliyeitoa. Hakuna aliyeniandika popote.

Lakini Mungu hamtupi mja wake! Wakati wa chai nilisimama na Luka, dereva wa wizara moja, mtu makini, anasikia mengi akiwa kwenye usukani. Alinivuta pembeni ya mti wa bustani. Akasema kwa kuwa mimi ni msomi atanionyesha kitu ambacho hakijatangazwa. Akafungua simu.

Ramani! Safi, imechorwa upya kwa kalamu, mistari imenyooka. Rangi mbili, kijani na nyekundu. Upande wa mashariki kuna duara kubwa. Luka anasema hapo ni kipilefti, yaani mzunguko wa magari, cha barabara mpya ya njia nne, na viwanja vya kona ndivyo vinakwisha haraka. Kijani ni eneo la uwekezaji. Ameipata kwa bwana Khamisi, dalali mwaminifu. Ramani haina ufunguo, lakini mtu wa fani yangu hahitaji ufunguo.

Nikauliza ni wapi. Mahomelo.

Mtu mwingine angerukia tu. Mimi nimefundishwa kuhakiki. Nimekaa basini narudi mjini nikalihakiki kama ifuatavyo. Kwanza, tarehe 10 wanakijiji thelathini na wanane kati ya arobaini walinijibu, kwa maandishi, kwamba serikali inakuja. Nilidhani wamekosea. Kumbe mwenye kukosea nilikuwa mimi! Wenyeji hujua mambo mapema. Pili, sasa kuna ramani inayosema yaleyale. Vyanzo viwili, havijuani, vinakubaliana. Hiyo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaijua.

Nimejiuliza pia kuhusu duara. Duara langu lilikuwa la chai. Hili limechorwa kwa bikari. Ni vitu viwili tofauti. Hata hivyo nakumbuka kwamba siku ile, bila kuambiwa na mtu, nilisema hapo ni eneo maalumu. Sijui nilijuaje.

Zaitun achukue cheo. Mimi nitakuwa na kiwanja cha kona.

Jumamosi, 26 Oktoba

Siku ya maji. Raheli alikuwa bombani na ndoo tangu alfajiri, kabati nikalifungua kwa utulivu, nikatoa hela ya simtanki.

Bwana Khamisi alinisubiri Mahomelo. Sura yake nilihisi nimeiona mahali, lakini watu wanafanana. Kiwanja kiko katikati ya duara kabisa, na mwenyewe ni Mama Paskazia! Kumbe ana kipande kingine upande wa kijani. Nilifurahi kufanya biashara na mtu ninayemfahamu.

Mama ni mtu wa haki, sina la kumsema. Alinipeleka mwenyewe kwa miguu akanionyesha. Alisema hapo ni jiwe tupu toka enzi za babu mkwe, mtama haukubali, mbuzi wenyewe hawasimami. Akasema mvua za pale anazijua, hazipo. Nikamwambia sitalima, nitajenga kituo cha mafuta. Mzee Mazengo, kama shahidi, aliandika majina yetu kwenye daftari la kijiji polepole sana, akinitazama kila baada ya neno. Akauliza kama kile kisima nilichoahidi nitakichimba hapohapo. Nikasema tutaona.

Nimesaini. Khamisi naye alipokea chake, akaondoka kwa haraka, nadhani ana wateja wengi.

Raheli sijamwambia bado. Nitamwambia siku ya kufungua kituo.

Kabla ya kuagana Mama Paskazia alinishika mkono, akaniuliza tena kama nina uhakika. Nikacheka. Nikamkumbusha somo letu la soda, nikamwonyesha kwenye simu: mama, hapa ni kijani, na kijani ni uhakika.

Akauliza, uhakika wa nini?

Watu wengine hata uwafundishe vipi.